Wakuu, wali maharage wa mama ntilie una siri gani? Mimi na mke wangu nyumbani umetushinda

#1 Mla Benchi
Wakuu, salama?

Mimi na mke wangu tunaishi Tabata, mtoto bado, wote kazi zetu ziko mjini. Ijumaa jioni hatupiki. Tukishuka kwenye daladala tunanyoosha hadi kwa mama mmoja mwenye banda la mabati na mabenchi. Tunakula wali maharage, mchicha pembeni, ndizi mbivu juu ya sahani, na mfuko ukiruhusu tunaongeza kibua wa kukaanga. Wali maharage ni 2,000. Tunakula huku tunasikiliza watu wakitukanana kwa ajili ya Simba na Yanga, tukishiba tunarudi kulala.

Shida inaanza Jumamosi tukitaka kupika kilekile. Mchele tunanunua ule unaoitwa Kyela, maharage ya njano, nazi, nyanya, kitunguu, karoti. Tunapika kwa zamu, kwa hiyo msianze na mke wangu. Chakula kinaiva na kinalika. Ila sio kile! Wali wa yule mama punje zimeachana na bado ni laini. Maharage yake yana mchuzi mzito unaoshika wali. Ya kwetu maharage yako huku, maji yako kule, yanaonana kwa mbali.

Nilimuuliza akacheka tu, akasema sisi vijana tunapika huku tumevaa viatu.

Wenye uelewa, tusaidieni.

#2 Siti ya Mbele
Uzi wa msosi saa tatu usiku na mimi nina mkate mkavu na chai ya rangi. Nakaa hapa hapa.

#3 Dada Mwiko
Kabla sijachangia, hizo "zamu" mkeo anazijua? Maana zamu za wanaume wa humu ni kuchemsha yai na kutangaza.

#4 Fundi Majiko
Jibu ni mkaa, na hapa sina haja ya kuzunguka.

Mtoa mada hujasema unapikia nini lakini nakisia ni gesi, mtungi wa kilo 6 na burner juu yake. Ule moto unapiga katikati ya sufuria tu. Katikati panaungua, pembeni panabaki pabichi, juu pamelowa. Mama ntilie wali wake ukishakausha maji anapunguza makaa chini, anachota mengine anayaweka juu ya mfuniko. Anapalia. Wali unapata moto wa chini na wa juu, unyevu wa juu unakauka taratibu, punje zinasimama. Ndiyo maana ukifunua unakuta ukoko umeshika kote sawasawa, sio duara moja jeusi katikati.

Gesi haipaliliwi mkuu. Rudi kwenye jiko la mkaa.

#5 Mtungi Mdogo
Namba 4 unaturudisha nyuma. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034, wewe unamwambia kijana aliyepanga ghorofani akawashe mkaa kwenye korido.

Gesi inapika wali vizuri tu. Maji yakikauka, chukua kikaango cha chapati, kiweke juu ya moto mdogo kabisa, halafu sufuria juu ya kikaango. Moto unasambaa. Kwenye mfuniko funga kitambaa safi, kinakunywa mvuke usidondokee wali. Dakika kama kumi na tano usifunue. Napika hivyo na wageni wanaomba waongezewe.

#6 Fundi Majiko
Wageni siku zote wanaomba kuongezewa, ni adabu hiyo.

#7 Bi Kasimile
Mie natoka Tanga, Chumbageni, nimezaliwa nikakuta mbuzi ya nazi jikoni. Hao wote juu wanazungumzia moto wakati mwenye uzi kasema nazi akapita haraka.

Kaka, nazi unaikuna mwenyewe au unanunua ya unga dukani? Na unaikamua vipi? Watu wengi siku hizi wanaitia nazi kwenye blenda na maji tele, wanachuja mara moja, wanapata maji meupe. Maharage yanataka matui mawili. Lile jepesi ndilo linalomalizia kuyaivisha, na lile zito unalitia mwisho kabisa, unakoroga taratibu upande mmoja, likichemka kidogo unaepua. Ukilitia zito mapema likachemka sana linakatika, mafuta yanaelea juu na mchuzi unabaki maji. Hayo "maharage huku, maji kule" ni tui lililokatika, sioni kingine.

#8 Mnyakyusa wa Bondeni
Mtoa mada, nani kakuambia huo ni mchele wa Kyela?

Sisi wa Kyela tunacheka sana Dar. Kila gunia limeandikwa Kyela, kila muuzaji anaapa. Wilaya ni moja, iko pale chini kwenye Ziwa Nyasa, na huo mchele unaoliwa nchi nzima kwa jina letu ungekuwa wetu wote basi kila mtu kule angekuwa na ghorofa. Mwingi unatoka Mbarali na kwingine, unachanganywa. Sisemi wa Mbarali mbaya. Nasema kila mchele una maji yake. Ukichanganya wa zamani na mpya kwenye sufuria moja, mmoja unaiva na kuanza kuvurugika wakati mwingine bado una kiini. Mama ntilie ana muuzaji wake mmoja, ananunua mchele uleule kila wiki, kipimo cha maji anakijua kwa kidole.

Kyela halisi ukiupika jirani anajua. Hauhitaji hata nazi.

#9 Bi Kasimile
Wali hauhitaji nazi? Haya, mie nimenyamaza.

#10 Sufuria Kubwa
Nimeendesha banda la chakula kwa miaka pale Buguruni, mimi ni baba lishe, sina aibu. Niwape ya ndani.

Kwanza, wingi. Sufuria ya maharage kilo tano haiwezi kufanana na ya robo kilo. Ya kwako ikichemka nusu saa maji yamekwisha, unaongeza ya baridi, yanachemka tena, unaongeza tena. Yangu inachemka taratibu saa nzima na zaidi na maji hayatikisiki. Maharage yanapasuka yenyewe, wanga unaingia kwenye mchuzi.

Pili, na hii wengi hawatapenda: maharage unayokula saa moja jioni yalichemshwa asubuhi, mara nyingine jana yake. Kuunga ndiyo kunafanyika leo. Yakilala yakapoa, mchuzi unakuwa mzito wenyewe na chumvi inaingia ndani ya punje. Wewe unachemsha, unaunga na kula ndani ya saa mbili, halafu unashangaa.

Tatu, upawa mmoja wa maharage unapondwa na kurudishwa. Hiyo haina gharama, jaribu leo.

#11 Siti ya Mbele
Kumbe miaka yote nalipia kiporo cha jana.

#12 Sufuria Kubwa
Na unaomba nyongeza ya mchuzi bure.

#13 Presha Inapanda
Mnazunguka sana. Siri ya vyakula vyote vya nje ni mbili: chumvi na mafuta. Nendeni mkasimame pale mama anapounga. Mafuta anayomimina kwenye kitunguu nyumbani ungetumia wiki. Kisha kile kiungo cha pakiti, ambacho nacho kimejaa chumvi, juu yake chumvi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kikiwa flati, na hapo ni kila kitu ulichokula tangu asubuhi. Sahani moja ya kijiweni na kachumbari yake sijui inakuachia kiasi gani cha usiku.

Ulimi unapenda, mishipa inalipa. Kula Ijumaa, sawa, ila usijaribu kuleta ladha ile nyumbani kila siku.

#14 Dada Mwiko
Namba 13 ukialikwa harusini unabeba kipimo?

Ila kwenye mafuta hujakosea. Mimi mama mkwe wangu alinifundisha kitunguu kikaangwe hadi kiwe rangi ya dhahabu, nyanya ziive hadi mafuta yajitenge, ndipo maharage yaingie. Hawa wanaopika kwa zamu wanatupa vyote mara moja, wanafunika, wanashika simu. Mchuzi unanuka nyanya mbichi.

#15 Mzee wa Zamani
Vijana hamjasema siri kubwa ya wali. Ni rambo. Mama ntilie anafunika wali kwa mfuko wa nailoni kabla ya mfuniko, mvuke hautoki hata tone. Tangu serikali ipige marufuku mifuko mwaka 2018 wali wa Dar haujawa sawa.

#16 Karani wa Zamu
Mzee, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ilianza tarehe 1 Juni 2019, sio 2018. Na nailoni bado anaitumia, ni ile ya kufungashia vitu, naiona kila siku Ilala inavyojikunja kwa joto juu ya wali. Kwa kweli hiyo ndiyo sababu mimi naanza kula nyumbani. Plastiki ya moto kwenye chakula sio kiungo.

#17 Mwana wa Kisauni
Nawasoma kutoka Mombasa. Sisi Kenya mifuko iliondoka Agosti 2017, na Rwanda walitutangulia sote, 2008. Wali wetu wa nazi haukufa. Kwa hivyo mzee hapo juu aitafutie nostaljia yake sababu nyingine.

Kuhusu mada: mimi na mke wangu jioni twashuka tu hapo chini ya jengo, twala viazi karai na chatne ya ukwaju, bhajia, na mara nyingine mishikaki. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Kisha mke wangu akasema tupike viazi karai nyumbani. Unga wetu wateleza wote kwenye mafuta, kiazi chabaki uchi. Kwa hivyo sio nyinyi peke yenu.

#18 Bi Kasimile
Kiazi chako kilikuwa na maji, kaka. Kikishachemka kimwage, kikauke hadi kipoe kabisa, kipake unga mkavu kwanza ndipo ukichovye kwenye ule wa majimaji. Na uji wa unga uwe mzito, ukining'iniza kidole usidondoke haraka.

#19 Mwana wa Kisauni
Shukran bibi. Naenda kujaribu.

#20 Mla Benchi
Asanteni wakuu, nimesoma yote. Ni gesi, ndiyo. Nazi tunatia kwenye blenda. Bi Kasimile umenipiga mchana kweupe.

Ila kuna kitu hakijakaa sawa. Mama wa kijiweni kwetu wali wake hauna nazi kabisa, nimemwona akipika, ni mafuta na chumvi. Maharage ndiyo anatia nazi. Na mkaa anao, lakini maharage anachemshia kuni nyuma ya banda. Sasa kila mmoja wenu yuko sahihi nusu na mimi sijui nianze na nusu ipi.

#21 Shemeji Yenu
Habari zenu. Mimi ndiye mke wa mwenye uzi, nimefungua akaunti kwa hasira.

Zamu ipo, sikatai. Ila awaambie kwamba siku yake anafunua sufuria kila akipita. Anafunua anaonja, anafunua ananusa, anafunua ananiita nije kuona. Wali unapikwa kwa mvuke, mvuke wote uko sebuleni.

Na mimi nina maelezo yangu ambayo hakuna aliyeyasema. Ukipika umesimama kwenye moshi wa kitunguu saa nzima, pua imezoea, ukikaa kula huoni utamu. Siku zake za kupika mimi naona chakula ni kitamu, yeye analalamika. Siku zangu anasifia, mimi naona cha kawaida. Kwa yule mama wote tunafika na pua mpya na njaa ya foleni ya Ubungo. Hata akituletea ugali na maji ya dagaa tutalamba vidole.

#22 Siti ya Mbele
Mkuu Mla Benchi acha kujijibu kwa akaunti ya pili, mtindo wa kuandika ni uleule.

#23 Shemeji Yenu
Yeye hajui kuweka mkato, angalia vizuri.

#24 Dada Mwiko
Wifi karibu sana. Ukimya wake unasema yote.

#25 Kaka wa Mbeya
Niongeze la kitaalamu kidogo, mimi nafundisha sekondari. Watu wanasema maharage ya kijiweni yanapasuka vizuri, ya nyumbani magumu. Inategemea uko wapi. Dar uko usawa wa bahari, maji yanachemka nyuzi 100. Huku Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Ukiongeza moto maji yanaruka tu, joto halipandi. Maharage yanayoiva saa moja na nusu Dar, huku unaweza kula mchana mzima. Ndiyo maana huku watu wanatia magadi au wanatumia sufuria ya presha, ambayo inafika karibu nyuzi 120.

Halafu kuna maji. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi yanafanya ganda la maharage kuwa gumu. Mtoa mada mnatumia maji gani? Tabata wengi wanatumia visima. Huenda yule mama ananunua maji ya bomba kwenye madumu na nyie mnatumia ya kisima cha mwenye nyumba.

#26 Mla Benchi
Duh. Ni kisima kweli, na birika letu lina utando mweupe ndani. Mama pale maji analetewa na mkokoteni, sijui yanatoka wapi.

#27 Fundi Majiko
Sasa mwalimu, Mbeya ndiko yanakotoka maharage bora na ndiko hayaivi? Na mama ntilie wa Mbeya maharage yake matamu kuliko ya Dar, nimekula pale stendi.

#28 Kaka wa Mbeya
Nimesema yanachelewa, sijasema hayaivi. Soma mkuu.

#29 Bana Matumizi
Kama tatizo ni gesi kwisha kwa kuchemsha maharage, mimi nina kikapu. Nachemsha dakika tano tu, nafunika, naitia sufuria kwenye kikapu nilichojaza nguo za zamani na kufunika kwa blanketi. Narudi kazini jioni nakuta yameiva. Kuna rafiki yangu anaweka maharage mabichi na maji ya moto kwenye chupa ya chai, anafunga, asubuhi anakula.

#30 Karani wa Zamu
Namba 29 huyo rafiki yako wa chupa mwambie aache kabla hajalazwa. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo inaharibiwa na kuchemka kwa nguvu. Loweka saa kadhaa, mwaga yale maji, kisha yachemke kabisa yakitoa povu angalau dakika 10 ndipo uyaingize kwenye kikapu. Moto wa uvuguvugu hauiondoi. Matokeo yake ni kutapika na kuharisha vibaya, na watu wanasingizia samaki.

Kikapu chenyewe ni kizuri, sipingi.

#31 Bana Matumizi
Ndiyo maana huwa anaomba ruhusa kazini. Ngoja nimpigie.

#32 Chumvi Baadaye
Na msisahau chumvi itiwe mwisho, ukitia mapema maharage yanakakamaa.

#33 Kaka wa Mbeya
Hiyo imani tu. Chumvi haina kosa kubwa, hata kwenye maji ya kuloweka inasaidia ganda kulainika. Kinachokakamaza ni vitu vichachu: nyanya, ndimu, ukwaju. Ukitia nyanya kabla maharage hayajalainika utachoma gesi hadi mtungi uishe.

#34 Chumvi Baadaye
Bibi yangu alikuwa anatia mwisho na yalikuwa yanaiva. Nitabaki na bibi yangu.

#35 Pisi ya Sinza
Samahani kuingilia, hapa hapa kwenye uzi naomba msaada. Sisi ugonjwa wetu ni zege. Mume wangu ananunua chipsi mayai kila anaporudi usiku, nikasema nitampikia mwenyewe. Viazi vinatoka vyeusi kwa nje, ndani laini kama vya kuchemsha, na vina utamu wa sukari. Nilivinunua vingi nikaweka kwenye friji visioze. Nakosea wapi?

#36 Sufuria Kubwa
Friji. Kiazi kikikaa kwenye baridi wanga wake unageuka sukari, ukikikaanga kinaungua kabla hakijaiva. Kiweke mahali penye giza na hewa, sio friji.

Pili, chipsi za kijiweni zinakaangwa mara mbili, ndiyo siri yenyewe. Ukipita saa kumi jioni unaona amezilundika kwenye kabati la kioo zimepauka. Hizo zimeivishwa tu. Mteja akija anazirudisha kwenye mafuta makali zinashika rangi, ndipo zinaingia kwenye kikaango na mayai. Nyumbani: kata, osha wanga utoke, kausha kwa kitambaa, kaanga kwa moto wa wastani hadi zilainike, toa zipoe. Halafu moto mkali, dakika chache.

Na usijaze kikaango. Mafuta yanapoa.

#37 Mzee wa Zamani
Msimdanganye binti. Chipsi za mtaani zinakauka vile kwa sababu wanatumia mafuta ya transfoma. Kila mtu anajua.

#38 Waya Moto
Mimi ni fundi umeme na huu uvumi nausikia tangu niko chuo. Mafuta ya transfoma ni jamii ya mafuta ya mashine, sio chakula. Na mvuke wake unaanza kushika moto kwenye nyuzi 140 na kidogo, chipsi zinakaangwa 170 kwenda juu. Kaanga nayo karibu na moto wazi uone banda litakavyokuwa. Wizi wa hayo mafuta upo, na sitasema hakuna mjinga aliyewahi kuyatia kwenye karai. Ila ukavu wa chipsi hautoki huko. Jamaa wa juu kaeleza vizuri, ni kukaanga mara mbili.

Kinachonisumbua mimi ni mafuta halali ya kula yanayotumika hadi yanakuwa rangi ya kahawa. Hayo yapo kila kona na hakuna anayeyaongelea.

#39 Presha Inapanda
Hatimaye mtu wa upande wangu.

#40 Hesabu Kali
Wote mmesahau pesa. Watu wawili, nyumbani: mchele nusu kilo 1,500, maharage robo 800, nazi 1,200, nyanya na vitunguu 700, mafuta na gesi tuseme 800. Ni 5,000. Kwa mama ntilie sahani mbili 4,000, hujaosha chombo, hujakuna nazi. Kwa watu wawili kupika wali maharage nyumbani ni starehe, sio kubana matumizi.

#41 Dada Mwiko
Hesabu za bachela hizo. Ya nyumbani inabaki, asubuhi inapashwa na chai. Na kwa mama ntilie hamuishii 4,000. Soda mbili, samaki kidogo, mara chapati moja "ya kuonja". Mtoa mada aseme ukweli anaacha ngapi pale.

#42 Shemeji Yenu
Haishuki 9,000. Na ya kuonja ni mbili.

#43 Kataa Ndoa Mstaafu
Mimi nasoma tu. Mtu alioa ili apikiwe, leo yuko kwenye uzi anajifunza kukamua tui. Tuliwaambia.

#44 Mla Benchi
Mstaafu wewe leo umekula nini?

#45 Kataa Ndoa Mstaafu
Hilo silo lililo mezani.

#46 Mtu wa Ruwi
Salamu kutoka Muscat. Huku jioni mishkaki inachomwa barabarani vilevile, na ukoo wetu wa Unguja ukikutana lazima urojo upikwe. Viungo vyote tunavyo. Ukwaju upo, embe bichi lipo, bhajia, kachori, mihogo ya kukaanga juu. Hautoki kama wa Forodhani. Mie nilisema ni maji, shangazi akasema ni unga, mjomba akasema ni kwamba huku tunakula tumekaa kwenye makochi. Hadi leo kila mmoja ana lake.

#47 Bi Kasimile
Mjomba wako ana akili.

#48 Mla Benchi
Wakuu, mrejesho. Leo tumeloweka maharage, tumetumia maji ya dukani, tui mara mbili, upawa mmoja tumeponda, hakuna kufunua (nilitolewa jikoni). Mchuzi umekuwa mzito, huo ni ukweli. Wali juu ya kikaango umesimama. Tumeyala nusu, nusu tumeyalaza kama alivyosema Sufuria Kubwa tuone kesho.

Mke wangu anasema yamefanana. Mimi nasema bado kuna kitu. Tulivyobishana ikabidi tubebe kibakuli tumpelekee yule mama aonje. Akaonja, akasema "mazuri, ila ni ya ofisini."

#49 Fundi Majiko
Maana yake hayana moshi. Mkaa, nilisema mapema.

#50 Presha Inapanda
Maana yake hayana chumvi ya kutosha, na mbaki hivyohivyo.

#51 Mnyakyusa wa Bondeni
Mchele.

#52 Pisi ya Sinza
Asante Sufuria Kubwa, chipsi zimekubali, mume kala akanyamaza, kwake hiyo ni sifa. Sasa tumehamia chapati. Za kijiweni zinachambuka, zangu ukizikunja zinavunjika. Unga unakandwa kwa maji ya moto au vuguvugu?

#53 Dada Mwiko
Moto. Hadi ushindwe kutia mkono, anza na mwiko. Kisha ulale nusu saa umefunikwa.

#54 Mwana wa Kisauni
Vuguvugu na maziwa kidogo. Ya moto yapika unga kabla haujakandwa. Na muda wa kulala ndio muhimu, sio maji.

#55 Sufuria Kubwa
Maji yoyote, ila mafuta yaingie kwenye kila mkunjo wakati wa kuzungusha. Watu wanaogopa mafuta, chapati inakuwa ngozi.

#56 Presha Inapanda
Mnaanza tena.